Pilipili ya Ndafu

Jumatano, 26 Novemba
Kipaimara cha Kindness, mtoto wa dada yangu Grace, ni Jumapili. Kikao cha familia kimegawa kazi. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, na pilipili yake: shemeji Jovin, kama kawaida. Mimi: kupanga viti. Viti! Mzaliwa wa Machame hii hii napanga viti, huku Jovin, mtu wa Kibosho, akisifiwa na ukoo wangu! Nimemwambia Mama nitatengeneza pilipili ya kuchoma itakayomzidi Jovin. Akasema haya, nimwonjeshe kwanza.

Ijumaa, 28 Novemba
Nimechoma jikoni kwa Mama. Pilipili mbuzi, nyanya, kitunguu saumu, vyote juu ya mkaa hadi maganda yakawa meusi. Moshi! Mama alikimbilia nje na khanga mdomoni, akauliza kama nataka azikwe kabla ya kipaimara. Fundi hakimbii moshi. Nikamenya kwa vidole, nikatoa mbegu kwa vidole, nikatwanga na chumvi na ndimu.

Mama akaonja. Akaonja tena! Kazi nimepewa mimi!

Jovin kanishauri nijipake mafuta mikononi kabla ya kumenya, eti maji matupu hayaondoi ukali. Wivu tu.

Jumamosi, 29 Novemba
Nimetengeneza beseni zima. Nikanawa kwa maji, nikaenda kumkamua Malkia, ng'ombe wa Mama. Maziwa ya chai ya wageni.

Malkia alitulia kwa adabu mpaka nilipomshika chuchu. Akageuka, akanitazama. Kisha teke! Ndoo ikarukia migombani, nami nikaifuata. Akakata kamba, akakatiza uani, akatumbukiza kwato kwenye beseni langu. Mama akapiga kelele: Ruwa wangu, Mungu wangu! Na nani akaja kumwosha kiwele kwa sabuni na maji ya vuguvugu, taratibu, huku akimbembeleza? Jovin. Nani mwingine!

Jumapili, 30 Novemba
Pilipili ilikuwa ya Jovin. Wazee wamelamba vidole. Chai ilikuwa ya rangi, na Mama alimweleza sababu kila aliyeuliza, na wasiouliza pia. Nimeumia, sifichi.

Jumatatu, 1 Desemba
Mama amenipiga marufuku kumgusa Malkia. Atakamua mwenyewe.

Nimetafakari sana. Kosa ni la ng'ombe. Na sasa asubuhi zangu zote ni huru! Nimeshateremka mjini, nimerudi na mfuko wa pilipili kichaa, kali kuliko zile. Nimezichoma, nimezimenya, nimenawa kwa maji.

Mwandiko umepinda kwa sababu naandika kwa jicho moja. Hili lingine liliniwasha kidogo, nikalifikicha.