Mpokea Majaribu

Tabasamu aliingia kanisani kukwepa mvua tu, wala hakuwa na nia mbaya. Nia mbaya ilimjia pale mchungaji alipofika kwenye habari ya kulikimbia jaribu. Waumini waliguna, wakainamisha vichwa. Tabasamu, aliyepewa jina hilo na watu aliowaliza, akaona kwamba hapa pana watu wenye vitu vizuri wanavyovionea aibu.

Ibada ilipokwisha alisimama mlangoni, uso umejaa huruma.

"Wapendwa, utalikimbiaje jaribu linalolala sebuleni kwako? Nileteeni mimi, chochote kile. Nitakiombea, kisha nitakichoma moto."

"Na wewe hakitakushinda?" aliuliza mzee wa kanisa.

"Baba, mimi na dunia tulishaachana."

Akakodi mkokoteni. Mwalimu wa kwaya alitoa televisheni, maana mpira ulimkosesha mazoezi. Mwenye duka alitoa manukato aliyomnunulia mtu asiye mkewe, na mkewe akausindikiza mkokoteni hadi njia panda kuhakikisha. Mzee wa kanisa alileta kreti ya bia, akasema ameiokota. Tabasamu alipokea vyote kwa machozi, akavipanga chumbani kwake, akamwita mnunuzi aje Ijumaa.

Alikuwa amerudi kanisani, anafunga kamba mzigo wa mwisho, alipotokea fundi cherehani, mjane, akifuatana na mwanamume aliyebana mto wa kulalia kwapani.

"Mtumishi, jaribu langu ndilo hili," fundi alisema. "Ni shemeji yangu. Alikuja kwenye msiba wa mume wangu, mpaka leo hajaondoka. Anamaliza sufuria nzima, halafu anauliza nimepika nini. Nikishika mkasi wangu wa vitambaa napata mawazo ambayo Mkristo hapaswi kuwa nayo."

"Dada, mimi napokea vitu."

"Ulisema chochote. Au unachagua vinavyouzika?"

Watu waligeuka kumtazama. Tabasamu akanyoosha mkono.

"Karibu, ndugu," alisema.

"Ila huyu usimchome," fundi aliongeza. "Muombee tu."

Shemeji aliingia chumbani, akatazama shehena, akaweka mto wake mbele ya televisheni na kufungua bia.

"Hivi si vilichomwa?"

"Vitachomwa."

"Sawa. Usianze na televisheni."

Kufika Alhamisi kreti ilikuwa tupu, unga umekwisha, na Shemeji ananukia kama bwana harusi. Tabasamu alipomwonyesha mlango, hakukasirika.

"Nitatoka, kaka. Nitapitia kanisani kuwasalimu."

Basi akabaki. Ijumaa, Shemeji ndiye aliyempokea mnunuzi, shuka kiunoni, akamweleza kila kitu kimetoka kwa muumini gani. Mnunuzi hakungoja hata maji ya kunywa. Mshahara wa dhambi tunaujua wote. Wa Tabasamu ulilipwa kwa Shemeji, na Shemeji hakuwa na dalili ya kuisha.

Alifikiri sana. Ile siri ndiyo kamba aliyofungwa nayo. Akiikata mwenyewe, mtu huyu atarudi kwao. Jumapili alisukuma mkokoteni hadi kanisani, Shemeji akimfuata nyuma, akaungama mbele ya wote. Alilia kwa kweli, hasa alipofika kwenye habari ya unga. Wakamsamehe. Mwalimu wa kwaya alikumbatia televisheni yake. Mzee wa kanisa alimsogelea kuulizia kreti, halafu akakumbuka kwamba aliiokota tu.

"Na wako huyu hapa, dada," Tabasamu alimwambia fundi, moyo mweupe.

Fundi alimtazama kwa upole.

"Wenzangu uliwadanganya, ndiyo maana umewarudishia. Mimi hukunidanganya. Ulisema utaniondolea jaribu, ukaniondolea. Wiki nzima nimeshona huku naimba. Mungu akubariki, kaka yangu."

Tabasamu alimgeukia mchungaji, labda huko kuna msaada. Mchungaji akasema toba ya kweli huonekana kwa matendo, na kanisa zima likaitikia amina.

Alipotoka nje, Shemeji alikuwa ameshapanda mkokoteni, mto kichwani.

"Twende, kaka," alisema. "Umeungama muda mrefu mpaka njaa imenishika. Leo unapika nini?"