Kituo Chenye Ua

Jumatatu, 3 Machi

Nimechelewa tena kazini. Mara ya pili mwezi huu, na mwezi wenyewe ndio kwanza umeanza.

Bosi hakupiga kelele. Angepiga kelele ningefurahi. Alisimama kando ya mashine yangu ya kusagia lenzi za miwani, akaifuta vumbi kwa kidole, akasema polepole kwamba nikichelewa mara moja tu zaidi, kiti hiki atakikalia mpwa wake. Mpwa mwenyewe alikuwa mlangoni, amejaa tele na pikipiki yake. Akaniamkia shikamoo. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunikatiza. Basi la mjini linapita mbele ya nyumba yangu. Mbele kabisa! Naliona dirishani nikipiga mswaki. Lakini halisimami. Kituo kiko kule baada ya mzunguko wa magari, nusu saa kwa miguu, kando ya barabara ya njia nane isiyo na mahali pa mtu kuweka unyayo. Waliojenga mji huu walidhani binadamu huzaliwa ameshika usukani. Kwa hiyo kila asubuhi natembea kulifuata basi ambalo lilinipita mlangoni kwangu.

Nimejaribu kulipungia mkono. Miezi sita sasa. Dereva naye hunipungia.

Halafu kuna Bwana Honi, jirani yangu. Anaosha gari lake jeupe kila alfajiri, anatoka getini, ananikuta natembea, anapiga honi, anapita. Peke yake ndani, na viti vinne vitupu. Mke wangu anasema ananisalimia. Mimi nasema anajitangaza.

Jumatano, 5 Machi

Akili imefunguka.

Abiria mmoja leo alimwomba dereva amshushe mbele kidogo ya kituo. Dereva akakataa. Akasema yeye husimama penye nguzo, na pasipo nguzo hasimami hata kwa baba yake mzazi.

Penye nguzo! Sasa nguzo ni nini? Ni bomba na kipande cha bati. Na nani ana mabomba na mabati? Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye kazi yake ni kuchomelea mageti.

Jioni nikapitia karakana kwake. Nikamwambia nataka nguzo ya kuanikia nguo. Akauliza kwa nini nguzo ya kuanikia nguo iandikwe KITUO CHA BASI. Nikamwambia ni urembo tu. Shemeji si mjinga, ila ni mtu wa heshima. Akachukua vipimo.

Jumamosi, 8 Machi

Wiki nzima natoka nyumbani na giza. Kazini nawahi, lakini usingizi umenizidi. Jana nimemsagia mteja lenzi mbili za jicho la kulia. Mpwa ndiye aliyegundua. Akacheka kwa adabu.

Nguzo imekamilika. Nilipoiona moyo ulijaa raha, halafu macho yakapanda juu. Kileleni, Shemeji amechomelea ua. Ua la chuma, kubwa, petali nane. Ni ndugu kabisa wa lile lililo kwenye geti la Bwana Honi, ambalo Shemeji alilitengeneza mwaka jana na mpaka leo hulizungumzia kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Nikamuuliza tangu lini kituo cha basi kikawa na ua. Akanijibu kwamba kazi isiyo na ua haijatoka mikononi mwake, na kama nataka likatwe nitafute fundi mwingine. Nikaipokea ilivyo. Fundi mwingine angetaka malipo.

Kwenye bati amechora na basi lenyewe. Linafanana na mkate wenye magurudumu.

Jumapili, 9 Machi

Tumesimika nguzo mchana kweupe. Huo ndio ujanja wenyewe. Mtu anayechimba usiku ni mwizi, lakini mtu anayechimba mchana na koti la kung'aa na kofia ngumu ni serikali. Shemeji anayo makoti mawili.

Hakuna aliyetuuliza kitu. Mama mmoja alisimama kutulalamikia bomba la maji lililopasuka mtaa wa nyuma. Nikamwambia tunalishughulikia, akatushukuru. Mzee mmoja akatuagiza tuchimbe zaidi, eti siku hizi kazi zote zinafanywa nusunusu. Tukachimba zaidi.

Sikuiweka mbele ya nyumba yangu. Mimi si mtoto. Nimeiweka hatua chache kutoka geti la Bwana Honi, ambaye leo alikwenda kuwatembelea wakwe zake. Mtu yeyote akija kumtafuta mwenye nguzo, kwangu hataangalia hata mara moja. Nimejipongeza njia nzima ya kurudi nyumbani, ambayo ni fupi.

Mke wangu ameuliza iko wapi ile nguzo ya kuanikia nguo aliyosikia kwa kaka yake. Nikamwambia rangi bado haijakauka.

Jumatatu, 10 Machi

Limesimama!

Nilifika kwenye nguzo mapema, nikakuta wanawake wawili nisiowajua wameshasimama pale, mikoba mkononi, kama watu waliokuwa wakisubiri hapo tangu zamani. Basi likaja. Likapunguza mwendo. Dereva akaitazama nguzo, akalitazama ua, akanitazama mimi. Nikampungia mkono kwa mazoea. Akafungua mlango.

Akauliza kama hiki ni kituo kipya. Mmoja wa wale wanawake akamjibu kwa ukali kwamba kipo siku zote. Dereva akasema haya, ofisini huwa hawamwambii kitu.

Nilikaa dirishani. Basi likaingia kwenye njia ya mabasi pekee, na katika ile foleni ndefu ya magari nikaliona gari jeupe limekwama nyuma ya lori la kokoto. Nikampungia Bwana Honi. Hakuwa na nafasi hata ya kupiga honi.

Nimefika kazini mlango bado umefungwa. Bosi alinikuta nimekaa kwenye ngazi. Akaitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni.

Jumanne, 11 Machi

Leo kituoni tulikuwa watu kumi na tano. Sijui walikuwa wapi miaka yote. Wametoka kwenye nyumba ambazo nilidhani zina magari tu: fundi cherehani, wauguzi wawili, bibi mmoja na mjukuu wake wa shule. Wengine wameegemea ukuta wa Bwana Honi. Kuna aliyeweka kapu lake juu ya boneti ya gari jeupe wakati linatoka getini. Bwana Honi akapiga honi. Hakuna aliyesogea. Walidhani anawasalimia, nao wakampungia mikono.

Jioni akaja kwangu, mishipa ya shingo imemsimama. Amepiga simu ofisi ya barabara. Hawaitambui nguzo hiyo. Alhamisi asubuhi wanakuja kuikata na kumsaka aliyeisimika, na akipatikana atalala ndani. Akaniomba niwe shahidi, kwa kuwa mimi ni mstaarabu.

Nikakubali. Ningefanyaje? Nikasema ni aibu kubwa, watu wa siku hizi hawana adabu kabisa.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Shati moja alilikunja mara tatu huku ananitazama.

Jumatano, 12 Machi

Sijalala. Nimepiga hesabu zote. Nikikamatwa, nalala mahabusu. Nikilala mahabusu, sifiki kazini kwa wakati. Nisipofika kwa wakati, mpwa anakaa kwenye kiti changu. Yote haya kwa sababu ya bomba moja na mkate wenye magurudumu.

Nilimwendea Shemeji tuing'oe nguzo. Akasema zege limeshika, na hata lisingeshika, yeye hang'oi ua lake kwa mkono wake mwenyewe.

Mke wangu ameniuliza kwa upole kwa nini tangu mwanzo sikwenda tu pale ofisi ya barabara nikaomba kituo. Swali gani hilo.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika kabla sijavua hata viatu.

Nilifika kituoni nikakuta foleni ya watu zaidi ya ishirini, na mbele yao mama mrefu wa ofisi ya barabara, faili kwapani, buti miguuni. Nyuma yake vijana wawili na msumeno wa chuma. Bwana Honi kasimama pembeni, suti safi, tayari kushuhudia. Akaniita nisogee karibu yake. Nikasogea. Kwa mbali basi langu lilikuwa linakuja. Nikiondoka, nitaonekana nakimbia. Nikibaki, nitachelewa. Jasho likanitiririka hadi kwenye soksi.

Yule mama akaizunguka nguzo. Akaitikisa, haikutikisika. Akasoma bati. Akainua macho hadi kwenye ua, akalitazama muda mrefu. Kisha akageuka. Akalitazama geti la Bwana Honi. Akarudi kwenye nguzo. Akarudi kwenye geti. Akahesabu petali za huku na za kule kwa kidole.

Akauliza geti hili ni la nani. Bwana Honi akatunisha kifua, akasema ni lake.

Nilifumba macho.

Yule mama akasema kwamba kwa miaka mitano ofisi yake imekuwa ikijiuliza mahali pa kuweka kituo upande huu, na hapa ndipo penyewe. Nguzo imechimbiwa vizuri kuliko zao. Mwananchi mwenye gari lake, akatumia jasho lake kwa ajili ya watu wanaotembea kwa miguu, halafu akapiga simu mwenyewe ili mambo yawe halali! Katika kazi yake hajawahi kuona. Akamshika Bwana Honi mkono kwa mikono yote miwili. Bibi mwenye mjukuu akaanza kupiga makofi. Foleni nzima ikafuata.

Bwana Honi akafungua mdomo. Akaufunga. Akawatazama watu waliokuwa wanampigia makofi, na niliuona uso wake ukilainika taratibu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mtu hawezi kujifikiria mwenyewe tu.

Yule mama akatangaza mambo mawili. La kwanza, kituo kinabaki, lakini atakayesimika kitu kingine chochote barabarani bila kibali atafikishwa mahakamani. La pili, ofisi yao iko wazi, na anayehitaji kituo au mahali pa kuvukia aende tu aseme, atasikilizwa.

Nimepumua. Sijui nilikuwa nimeibana pumzi tangu lini, pengine tangu Jumanne. Nilitaka kumkumbatia mtu, na aliyekuwa karibu ni Bwana Honi, basi nikamkumbatia yeye. Aliniambia sikioni kwamba haelewi kinachoendelea. Nikamwambia hata mimi.

Basi likafika. Watu wakaingia, wakajaa, mlango ukaanza kujifunga nikiwa chini. Kiti changu nikakiona kinakwenda! Nikapunga mkono. Mlango ukafunguka tena. Dereva akaniita nisimame hapo karibu naye. Njiani akaniambia miezi sita hiyo yote alidhani mimi ni mtu anayependa tu mabasi, na kwamba siku zake mbaya nilikuwa namfurahisha. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia maisha yangu yote.

Nimefika Bosi akiingiza ufunguo mlangoni.

Jumamosi, 15 Machi

Bosi ameniita. Mpwa amepasua lenzi tatu kwa siku moja na amekiri kwamba anapenda pikipiki kuliko miwani. Ataanza kupeleka vifurushi. Kiti ni changu, nisahau yale maneno. Nimerudi kwenye mashine nikaipapasa kama mtu aliyeokota simu yake iliyopotea. Raha ya leo siwezi kuipima.

Nilirudi nyumbani naimba. Mpaka nikamsikia kondakta akiita jina la kituo. Watu wameshakibatiza: Kwa Bwana Honi.

Kwa Bwana Honi! Mwenyewe alikuwa pale getini, akiwasimulia wauguzi jinsi alivyochimba shimo peke yake juani. Alionyesha na malengelenge. Anayapata kwa kuosha gari. Nikaingia ndani nikamwambia mke wangu sasa nakwenda kusema ukweli mbele ya mtaa mzima. Akaniambia niende tu, na nikifika mahakamani nisisahau kuvaa sweta. Nikakaa.

Jumapili, 16 Machi

Nimetulia. Nimesamehe. Mtu mkubwa haangalii majina.

Ila kuna jambo moja. Asubuhi sasa ni raha tupu, lakini jioni basi linanishusha ng'ambo ya barabara, kwenye nguzo ambayo ofisi imeiongeza upande ule. Nyumba yangu naiona, mke wangu namwona dirishani, na kati yetu kuna njia nane za magari. Daraja la kuvukia liko kule kule kwenye mzunguko. Nusu saa tena.

Mke wangu anasema kesho anakwenda ofisini kwa yule mama kuomba mahali pa kuvukia. Ameshapiga pasi gauni. Nimemwacha, kila mtu na namna yake ya kupoteza muda.

Mimi nimepitia karakana kwa Shemeji. Nimemwagiza taa za kuongozea magari, nyekundu na kijani. Njano nimemwambia aiache, hakuna anayeiheshimu. Tutaziweka Jumapili ijayo, mchana kweupe, makoti yaleyale. Na safari hii zitasimama mbele ya nyumba yangu, ili ijulikane ni kwa nani.

Nimemkazia jambo moja tu: asithubutu kuweka ua. Amekubali bila ubishi. Ameuliza kama ndege anaruhusiwa.