Mtu wa Kutoka Maputo

Jumatatu, 10 Juni 2013
Nimeteuliwa. Kuanzia leo mimi ndiye coordenador, yaani mratibu, wa mpango wa watoto wa klabu yetu ya Nyota ya Kaskazini. Mwenyekiti Abacar kasema watu wa gesi wanaomiminika hapa Palma wanauliza klabu inawafanyia nini watoto wa mji. Wakiukuta uwanja umejaa, jezi na mipira vitakuja vyenyewe. Wajumbe wengine walikuwa na shughuli zao. Mimi sina shughuli. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.
Nimepika wali kwa pweza. Mwingi, kama kawaida; mkono bado haujazoea kupikia mtu mmoja. Mke wangu Kuluthumu yuko Mtwara, anamuuguza dada yake. Dada alipona Februari.

Jumatano, 12 Juni
Mazoezi ya kwanza. Nilifika na filimbi, mpira, na chupa za maji za kupanga mstarini. Akaja mtoto mmoja. Alikuwa anatafuta mbuzi wao.
Wengine wote wako shuleni kwa professora Inês, mwalimu wao. Hana cheo, hana filimbi. Anapiga makofi tu na watoto wanakimbia. Alinisalimia vizuri, akasema nilete mpira wangu tufanye pamoja. Nikamjibu kwamba klabu ina mpango wake.
Nilibaki uwanjani hadi alasiri nikipiga mpira kwenye ukuta wa choo. Ukuta unarudisha vizuri.

Alhamisi, 13 Juni
Dawa imepatikana. Nimempa kazi Latifo, mwenye kipaza sauti pale sokoni: atangaze kwamba Jumamosi anakuja mtu kutoka Maputo kutafuta vipaji, watoto wote wafike uwanja wa Nyota. Akauliza ni mtu gani huyo. Nikamwambia ni siri ya klabu. Kwenye kutangaza akaongeza mwenyewe kwamba mtu huyo anakuja kwa ndege. Sikumkataza.

Jumamosi, 15 Juni
Uwanja umejaa mpaka nje ya mistari. Wametoka hadi kijiji cha Mute. Sijawahi kupokea shikamoo nyingi namna hii. Hata watoto wa Inês walikuja. Nimepuliza filimbi mpaka midomo inauma.
Kuhusu mtu wa Maputo, nilitangaza kwamba ndege imekwama Pemba, mji mkuu wa jimbo letu. Wazazi wakanung'unika, wakaondoka. Isipokuwa mmoja.
Anaitwa Momade, mkulima wa Nhica do Rovuma. Kaja na binti yake, Ancha, anayedaka mpira. Nikamwambia nilidhani haya ni mambo ya wavulana.
"Tangazo lilisema watoto," akanijibu. "Na huyu ni mtoto."
Ancha akasimama golini. Nikapiga mikwaju yote niijuayo. Hakuna ulioingia. Mmoja aliudaka, akauweka chini ya kwapa, akaendelea kujifunga mtandio.
Hawana ndugu hapa mjini. Nimewakaribisha kwangu. Ancha kalala chumba cha ndani, sisi wawili ukumbini. Leo sufuria limebaki tupu.

Jumatatu, 17 Juni
Momade anakoroma. Nimelala vizuri ajabu.
Aliniuliza mtu wa Maputo atafika lini, maana kule shambani kamwacha mkewe peke yake na nyani. Nikasema Jumatano. Mdomo ulisema wenyewe. Jioni tulicheza bao. Kanifunga kila mara wala hakunicheka.

Jumatano, 19 Juni
Nimesema Jumamosi.
Mkewe kapiga simu: nyani wameingia kwenye mihogo. Momade aliongea naye nje, kwa sauti ya chini, kisha akarudi akakaa.
"Kaka Abdulswamad," akasema, "wewe huyu mtu umemwona kwa macho yako?"
Nikasema nimemwona. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, akaanza kupanga kete upya.
Sina raha. Ningeweza kumwambia. Lakini angeondoka hapo hapo, na mimi ningebaki na redio.

Ijumaa, 21 Juni
Mungu mkubwa. Baada ya sala, mkahawani, nimekutana na kijana anaitwa Sebastião, anayepima ardhi kwa ajili ya kampuni moja ya gesi. Kofia, miwani, begi la makaratasi. Nikamuuliza katokea wapi. Maputo.
Nimemwalika kesho uwanjani aje kutazama watoto, baadaye tutakula kwangu. Kafurahi sana. Kasema tangu afike hapa hana mtu wa kuzungumza naye. Akauliza uwanja uko upande gani hasa, akafungua ramani, akasema ni vizuri, kwani ana kazi huko huko.
Kwa hiyo si uongo. Nilisema mtu kutoka Maputo. Sikusema anafanya kazi gani.

Jumamosi, 22 Juni
Sebastião alikuja na wasaidizi na vigingi vyenye rangi nyekundu. Watoto wakamshangilia. Akawapungia mkono, halafu akaanza kupigilia vigingi katikati ya uwanja, kutoka goli hadi goli. Watoto wakadhani ni zoezi. Wakaanza kupiga chenga kati ya vigingi. Nikapuliza filimbi. Ningefanya nini?
Ancha alikuwa golini, kigingi karibu na mguu wake, anamtazama yule kijana, anangoja aandike jina lake.
Inês ndiye aliyemwendea na kumuuliza kwa Kireno. Kisha akatugeukia, akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba bwana huyu anapima njia. Barabara ya kwenda kambi ya gesi itapita hapa. Habari za kutafuta wachezaji anazisikia leo.
Sebastião akanitazama. Wote wakanitazama.
Momade hakugomba. Aliniuliza, "Ulijua tangu lini?"
Nikasema tangu mwanzo.
"Ungeniambia siku ile ya kwanza," akasema. "Ningerudi shambani, halafu ningekuja tena tucheze bao."
Wamechukua mizigo yao. Wamelala kwa Inês.

Jumanne, 25 Juni
Sikukuu ya uhuru. Wasichana wa Inês wamecheza shuleni, Ancha kadaka. Inês amemtafutia nafasi ya kusoma hapa mjini, atakaa kwake. Nilitazama nikiwa nje ya ua. Momade aliniona, akaninyooshea mkono wa salamu. Nikasubiri aje. Alikuwa anazungumza na watu. Alasiri akapanda gari la kurudi Nhica.
Mwenyekiti ana hasira kuhusu uwanja. Nimemweleza kwamba barabara ingepita pale hata nisingemwalika mtu. Ndivyo alivyoniambia Sebastião, ambaye chakula hakuja kula.
Hata hivyo, mtoto mmoja amepata shule. Huo ni mpango wangu. Nimemkumbusha mwenyekiti.

Ijumaa, 5 Julai
Nimefikiri sana na kosa nimeliona. Mtu mmoja hatoshi. Akichelewa, watu wanachoka kungoja.
Nimempa Latifo tangazo jipya: baada ya Idi wanakuja wawili, mmoja kutoka Maputo, mmoja kutoka Ureno kabisa, wanataka wavulana na wasichana. Uwanja utatangazwa. Akauliza kama kuna lingine. Nikamwambia aongeze moja mwishoni, na akifika upande wa barabara ya Nhica alirudie: wazazi wanaotoka mbali wasihangaike na malazi, nyumba ya coordenador ina nafasi.