Paa la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe kaniuliza mbele ya mashemeji wote hii kazi yangu ya setilaiti inamsaidia nani. Nikaropoka kwamba nitampigia paa lake jipya picha kutoka angani. Leo nimelichomeka kwenye orodha ya sehemu za kupigwa picha, kwa jina la Sehemu 41. Programu huanza na penye alama nyingi. Paa nimelipa alama moja tu, lisisumbue watu.

Jumanne, 5 Machi
Wingu tupu, setilaiti ilipopita asubuhi na ilipopita jioni. Halafu nikakumbuka. Picha ikiharibiwa na wingu, programu huongeza alama zake maradufu, isisahaulike. Kanuni hiyo niliitunga mimi. Nilipewa hata cheti.

Alhamisi, 7 Machi
Bado mawingu. Paa lina alama kumi na sita! Bwawa moja la mlimani, lililoingizwa kwenye orodha leo, lina kumi. Setilaiti haiwezi kugeukia kote kuwili kwa mpito mmoja, basi bwawa limeachwa. Na fundi wa huko anasema ukuta una ufa, na chini yake kuna nyumba za watu. Mkuu wa kitengo kauliza Sehemu 41 ni nini. Nikasema ni jaribio la kamera. Kufuta kitu kunahitaji sahihi yake. Nimempigia mama mkwe kuuliza hali ya hewa. Mvua, ila paa amelisugua kwa sabuni.

Ijumaa, 8 Machi
Sijalala. Kila nikifumba macho naona zile nyumba. Alama za bwawa hubadilishwa na Profesa, jirani yangu wa meza na adui yangu. Nikamsihi azifikishe mia. Akauliza kwa nini. Nikasema nimeota. Akaenda moja kwa moja kwa Mkuu. Nikaitwa. Nikasema yote, mpaka sabuni. Mkuu akalifuta paa palepale. Mchana picha ya bwawa ikaja: ufa umerefuka. Watu wamehamishwa kabla ya jioni, wote salama. Mkuu kasema nikirudia, nisikanyage tena ofisini. Nimeapa.

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe kauliza picha iko wapi. Shemeji mdogo akacheka. Mke wangu akatazama sakafu.

Jumatatu, 11 Machi
Nimeliingiza tena paa, kwa jina la Sehemu 42. Nilikosea kuandika mara mbili. Alama moja tu. Utabiri wa kesho ni mawingu.