Malalamiko Dhidi ya Mshenga wa Pipa la Tatu

Ndugu Meneja,

Pokea salamu kutoka chumba cha kuchanganyia losheni, ambako nimekukorogea miaka kumi na tisa. Namshitaki kwako ile dawa mpya nyeupe ya pipa la tatu tunayoiita Mshenga, kwa kuwa ndiye anayewaunganisha mafuta na maji. Tangu aletwe, nimeambiwa nikoroge nusu saa tu, na mwezi ujao nihamie kufunga vifuniko. Roho inaniuma, sikufichi.

1. Hana msimamo. Mkemia amenichorea chembe yake moja, yaani Mshenga mmoja: kichwa kimo kwenye maji, mkia umo kwenye mafuta, na hapo mpakani ndipo anaposhinda. Mimi nikisimama mlangoni mguu mmoja ndani, mmoja nje, naandikiwa barua ya onyo.

2. Mshenga mwenye adabu akishaozesha huaga akaenda kwake. Huyu analala katikati ya maharusi, na ukimtoa tu ndoa imevunjika. Huko ni kujifanya wa lazima.

3. Washenga hao wakizidi mpaka nafasi ya mpakani ikajaa, waliobaki hujikusanya majini vikundi vikundi, mikia ndani, vichwa nje, wala hawaunganishi chochote. Hicho ni kikao. Sisi tukikutana wanne tu karibu na choo, mlinzi anaitwa.

4. Tena kaongezewa msaidizi, kitu kigumu kama nta, cha kuziba mianya anayoiacha. Mimi msaidizi nimemwomba mara saba, nikajibiwa kwamba nina mikono miwili.

Nilimpelekea mkemia malalamiko haya. Kwa umri, mkemia huyo ni sawa na binti yangu. Akaniambia, "Mzee, wewe unapasua matone, yeye anayazuia yasirudiane. Mnahitajiana." Alisema kwa heshima kabisa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Kwa hiyo naomba Mshenga ndiye ahamishiwe vifuniko, nami nirudishiwe saa zangu zote. Losheni itakorogwa kwa mkono mpaka ikubali yenyewe.

Nisalimie karani, dereva, mama wa usafi, na mkemia pia. Ugomvi wangu si naye.

Wako mtiifu, mwiko mkononi,
Mkorogaji

Tanbihi: Nakuletea chupa moja niliyoikoroga mwenyewe bila Mshenga, iwe ushahidi. Ikikufikia mafuta yakiwa juu na maji yakiwa chini, usiifungue, wala usimwite mkemia. Niite mimi nije niitikise. Nitakuja kila baada ya robo saa.