Panda Tatu na Kengele Mmoja

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata kazi! Haina cheo, lakini ina kiti. Kiti kina mto.

Baba mkwe ni mstaafu wa reli. Meza nzima ya chumba cha nyuma imekaliwa na treni yake ndogo ya umeme (ole wako useme ni ya kuchezea). Rafiki yake wa kazini amemwazima swichi tatu azijaribu. Moja ibaki, mbili zirudi Jumapili. Niliposikia swichi nikaleta stuli nikapanda, nikidhani tunatengeneza taa. Mzee akacheka mpaka miwani ikadondoka. Akanieleza ni kile kipande cha reli kinachogawa njia, treni ikaenda huku au kule, na kwamba yeye akiniambia ataiita panda, kama njia panda, ili nisipande tena juu ya stuli.

Mikono yake inatetemeka siku hizi. Nani atazijaribu? Nikasema mimi, kabla hajafunga mdomo.

Siri yangu ni hii. Binti yangu ana miezi saba. Babu yake anamwita Kengele, na jirani yeyote atakueleza kwa nini. Kengele hulala treni ikizunguka. Mzee ana sharti: treni haiendi bila jicho la mtu. Ukitazama pembeni, simamisha kwanza. Lakini ameahidi kwamba panda ikifaulu, treni itaaminika, itaachwa izunguke yenyewe.

Kengele atalala. Mama yake atalala. Mchana! Juu ya mto!

Jumanne, 4 Juni

Panda namba moja. Plastiki, nyekundu. Nimeweka kikapu cha Kengele chini ya meza, daftari gotini, mkono kwenye kirungu cha kuongozea. Mizunguko minne na mtoto kimya, kope zimeshuka.

Mimi nami nikawa kama nimo humo ndani. Behewa la pili, paji la uso kwenye kioo. Tulipita mlima wa nepi zilizokunjwa, tukapita ziwa la kikombe cha chai. Kondakta akaniomba tiketi, nikampa soksi moja ya mtoto. Akaitoboa, akaniambia mama, lala tu, kituo chako bado.

Nikasimamisha treni ili niandike: "Haina kelele."

Kengele akaamka akipiga ukunga.

Namba moja: tatu juu ya kumi. Ina kelele za siri.

Jumatano, 5 Juni

Namba mbili ni ya chuma. Ule ulimi wake, kile kichuma kinachosogea kugeuza njia, unagonga. Ka! Kila mzunguko, ka! Ulimi mrefu kama wa wifi yangu.

Nikapata akili. Nikaupaka mafuta ya mtoto, na nusu ya meza ikapata. Ukanyamaza! Treni nayo ikanyamaza. Magurudumu yalizunguka pale pale kama mtu anayetwanga matope. Baba mkwe akaja, akainama, akanusa. Akasema miaka thelathini kazini amenusa treni za makaa, za dizeli na za ng'ombe, lakini hii ndiyo ya kwanza kunukia mtoto aliyetoka kuoga.

Nimefuta reli zote kwa nepi. Baadaye ikaenda vizuri, ka, ka, ka, Kengele akalala fofofo. Nikasimamisha niandike hivyo.

Akaamka.

Namba mbili: mbili. Ulimi!

Alhamisi, 6 Juni

Wifi, dada wa mume wangu, amechungulia mlangoni akauliza kama nimeolewa na kaka yake au na reli. Akambeba Kengele begani. Mtoto akalala kabla hajafika dirishani! Binti yangu mwenyewe! Nilimzaa mimi, nina ushahidi.

Wifi akasema mtoto ni wa kubebwa, si wa kuandikiwa ratiba. Nikamwambia Jumamosi Kengele atalala saa nzima bila bega la mtu. Akacheka. Akasema nikishindwa, nepi za mwezi mzima nafua peke yangu, zamu zake pia. Nikamwambia tayarisha ndoo yako, wifi.

Sijui mdomo huu niliutoa wapi.

Ijumaa, 7 Juni

Panda namba tatu. Naiita Bubu. Ulimi unateleza kama kijiko kwenye uji. Nimeitazama mpaka macho yakawa mazito kama mazulia yaliyolowa. Behewa la pili lilikuwa na mito. Kondakta alikuwa amevaa kofia ya Kengele na alinong'ona kwamba kituo kijacho ni Usingizi, abiria washuke taratibu.

Nikasimamisha kidogo niandike jina la kituo, nisilisahau. Mtoto akaamka, lakini hiyo ni njaa tu.

Bubu: tisa!

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya hukumu. Wifi na saa yake ya mkononi. Dakika ishirini, Kengele amelala. Arobaini, amelala. Hamsini na saba! Wifi ameanza kutazama ndoo. Mashavu ya mwanangu yametulia, kidole kinywani, dunia nzima inazunguka juu yake taratibu na haimdai kitu.

Dakika hizi lazima ziandikwe. Nikasimamisha.

Hamsini na nane. Ukunga.

Wifi akanisogezea ndoo kwa mguu.

Jumapili, 9 Juni

Mikono imefanya makunyanzi kwa sabuni. Rafiki wa baba mkwe yuko njiani kuja kuchukua panda mbili. Mzee amekaa karibu nami, akaniambia kwa upole, mwanangu, panda zote tatu ni nzima. Mtoto haamshwi na panda. Anaamshwa na treni kusimama. Weka daftari chini, utalala.

Maskini baba mkwe. Miaka mingi karibu na kelele za injini haimwachi mtu salama. Nimemshukuru, nimemwekea chai, nimemwomba amwambie rafiki yake alete panda namba nne. Ikiwezekana na namba tano.

Saa tisa alasiri. Nilikuwa kwenye mto. Bubu akiteleza, Kengele amelala, kondakta anafungua mlango wa behewa na kunipa mkono nishuke kituoni. Sijawahi kufika karibu hivi! Nikasema hili nisipoliandika sasa hivi litapotea. Nimesimamisha treni.

Ameamka.

Bubu: sifuri.