Nyanya za Marehemu na Uzi Mwekundu

Jumatatu, 9 Machi
Vidukari wamevamia nyanya za marehemu mke wangu. Wamejaa chini ya majani, wanene, hawana haya. Ni miche ya mwisho aliyoipanda kwa mkono wake, na mbegu zake haziuzwi dukani. Alizitunza mwaka hadi mwaka kutoka kwenye tunda tamu kuliko yote. Binti yetu anakuja Jumamosi kuchukua mbegu akapande kwake. Nimemwambia kwenye simu asiwe na wasiwasi, nyanya ziko mikononi mwa mtaalamu. Akanyamaza. Mtandao mbovu, nadhani.

Dawa naijua. Marehemu alikuwa akikoroga kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwenye ndoo, anapulizia jioni, asubuhi anasuuza majani. Kijiko kimoja! Alikuwa mpole hata kwa wadudu. Mimi nimetia kikombe kizima. Nikaongeza pilipili, kitunguu saumu na mafuta ya taa kidogo, wajue nyumba hii ina mwenyewe.

Jumanne, 10 Machi
Vidukari wamekufa wote. Ushindi! Nimemtangazia Fundi, jirani yetu mshona nguo, kupitia juu ya ukuta. Badala ya kunipongeza akauliza majani yanaendeleaje. Kijicho kitupu. Majani yamekuwa ya kahawia pembeni, basi.

Alhamisi, 12 Machi
Majani yamejikunja na kukauka. Njaa hiyo, bila shaka. Marehemu alikuwa akinyunyiza kiganja cha jivu kuzunguka shina. Nimemwaga jivu lote la jikoni. Halafu samadi ya kuku, mbichi, ndoo nzima juu ya mashina. Najua watu husema iachwe kwanza ioze. Wao hawana mgeni Jumamosi.

Fundi akatokeza kichwa, amebana pua. Akasema, shemeji, hiyo itaunguza mizizi. Nikamwambia ashone nguo, kilimo aniachie mimi.

Ijumaa, 13 Machi
Zimekufa. Zote, na matunda yameoza. Nimesimama pale na ndoo mkononi, nikalia. Naandika hivyo kwa kuwa humu hasomi mtu.

Mke wangu alipokuwa anaumwa nilimletea kitu kila siku. Tangawizi, asali, magome niliyoelekezwa na kinyozi. Alikunywa vyote bila kukunja uso. Mchana mmoja akaniomba: leo usinitibu, kaa tu. Nikakaa. Nikamshika mkono. Halafu nikakumbuka kwamba sijamjaribishia mdalasini.

Jioni nimepata wazo, zito kweli. Nimekwenda kwa Fundi kuomba nyanya za mboga na uzi mwekundu wa kushonea kifungo. Akauliza kifungo cha shati gani. Nikasema lile jekundu. Akanitazama sana. Mashati yangu yote kashona yeye, na jekundu halimo. Lakini akanipa.

Nikaangalia bakuli alilonipa. Nyanya zina mikunjo juu karibu na kikonyo, vilevile kama za marehemu. Mwizi! Kaiba mbegu za mke wangu! Nimenyamaza kwa sababu ya kazi iliyo mbele yangu.

Jumamosi, 14 Machi
Alfajiri nimezifunga kwa uzi, moja moja, kwenye mashina makavu. Ukisimama mlangoni, shamba zuri ajabu. Mpango: binti atazame kutoka mlangoni, anywe chai, mavuno nifanye mwenyewe.

Binti hakungoja chai. Alikwenda moja kwa moja bustanini, mkoba bado begani. Akachuma nyanya moja. Shina zima likang'oka likaja nayo, linaning'inia kwenye uzi. Nikasema ni aina mpya ya kilimo.

Fundi alikuwa ukutani. Binti akautazama uzi, akamtazama Fundi, akauliza kama mama alijua itakuwa hivi. Fundi akasema alijua. Alipoona hatapona alimpelekea nusu ya miche, akamwomba aipande nyuma ya ukuta nisikoweza kuiona. Alimwambia: mume wangu ataitibu.

Binti alicheka mpaka akakaa chini, kwenye samadi ileile. Kisha hakuwa anacheka tena. Nikakaa naye. Akaila ile nyanya, uzi unamning'inia kidevuni, akasema, Baba, ndiyo yenyewe. Nikamwomba Fundi radhi kwa kumwita mwizi. Akasema hakujua kama nilimwita mwizi. Sasa anajua.

Jumapili, 15 Machi
Binti ameondoka na mbegu. Mimi nimepewa na Fundi mche mmoja kwenye kopo. Sharti: maji tu. Binti alirudi kutoka mlangoni, akataka nilitamke mbele yake. Maji tu. Nimeapa.

Nimeuweka dirishani, upande wa kitanda aliokuwa akilala yeye. Nimevuta kiti. Sifanyi kitu. Nyumba kimya, mche umesimama, mimi nimekaa tu kama alivyoniomba. Ningependa anione. Namkumbuka mno.

Lakini jani moja, lile la chini, naona limepauka. Si sana. Na jivu si dawa, jivu ni kama chakula. Kijiko kimoja tu, kidogo kuliko kiganja chake yeye.

Nimerudi kutoka jikoni. Vijiko vyote ni vichafu. Kikombe kilikuwepo, kisafi kabisa.